Doa la Seli Moja

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kuugua homa, ukapelekwa zahanati, na mwuguzi akakuchoma ncha ya kidole kwa sindano ndogo. Alilitia tone la damu yako katika kijisanduku cha plastiki, akadondosha na maji ya dawa juu yake, kisha akakwambia usubiri robo saa. Kama ulikuwa na subira ya kutazama, uliona wekundu ukipanda polepole juu ya ukanda mweupe, mfano wa mafuta yanayopanda utambi wa taa. Na mwishowe ukaona mstari mmoja mwekundu, au miwili. Mmoja ulikuwa na maana kwamba ukanda haukuona malaria. Miwili, kwamba umeiona.

Je, ulijiuliza wekundu ule ulitoka wapi? Haukutoka katika damu yako. Aghalabu ni wekundu wa dhahabu. Dhahabu ikitengenezwa iwe chembe ndogo mno ndani ya maji, hupoteza ule umanjano wake tunaoujua katika pete na hereni, ikawa nyekundu kama divai. Michael Faraday, bingwa wa sayansi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1857, wala hakujua kwamba lingekuja kutumiwa zahanati. Chembe za dhahabu za ukanda wa malaria zina upana wa nanomita 40 hivi. Na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mafungu milioni. Ukanda wenyewe nao ni utando wa nitroselulosi uliojaa vitundu visivyohesabika, ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Juu ya kila chembe ya dhahabu hubandikwa kingamwili, navyo hivyo hushika protini moja iitwayo HRP2. Protini hiyo hutengenezwa na kimelea cha malaria wakati akiishi ndani ya seli nyekundu za damu, kisha humwagwa nje.

Basi ukanda ule haushughuliki na kimelea mwenyewe. Wamtambua kwa kitu alichokiacha njiani, kama vile mchungaji anavyomtambua fisi kwa nyayo zake asubuhi, hali fisi mwenyewe yuko mbali. Kutoka kuitazama seli hadi kukikamata kile inachokitoa ni mwendo mrefu wa elimu, na sehemu yake isiyo ndogo ilitembewa Nairobi, baina ya katikati ya jiji na vitongoji vyake vya magharibi. Nakuomba tufuatane katika njia hiyo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899, mahali penye maji baridi na tope jingi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1902, mji ule mchanga ulipatwa na tauni. Daktari mmoja Mgoa, Rosendo Ribeiro, ambaye wenyeji walimjua sana kwa kuwa alikuwa akipanda punda milia kwenda kuwaona wagonjwa, ndiye aliyeitambua. Wakuu wa serikali waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, nalo likachomwa. Tusiwacheke watu wa zamani zile. Kijidudu cha tauni kilikuwa kimejulikana tangu mwaka 1894, alipokigundua Alexandre Yersin huko Hong Kong. Lakini namna ya kumpima mtu ilikuwa ni kumtazama homa yake na mitoki yake, na palipokuwa na hadubini, kukitafuta kijidudu chenyewe kwa jicho. Kisichoonekana hakikuwa na ushahidi. Nao moto ulikuwa rahisi kuliko subira.

Sasa toka katikati ya jiji, uipite Westlands, ufuate barabara ya Waiyaki hata uiache Kangemi nyuma yako. Utafika upande wa Kabete, ambako serikali ya kikoloni ilijenga maabara ya mifugo mwanzoni mwa karne ya 20. Huko ndiko kitundu kidogo kilipoanza kazi yake katika habari yetu. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi karibu na Naivasha, na maini yao yalipopasuliwa yalionekana yameharibika. Wataalamu watatu, Daubney, Hudson na Garnham, waliuchunguza ugonjwa huo na kutoa habari zake mwaka 1931. Leo twauita homa ya Bonde la Ufa.

Walifanyaje? Tangu mwaka 1884, Mfaransa Charles Chamberland alikuwa amebuni kichujio cha udongo wa kauri usiotiwa rangi ya kung'aa, chenye vitundu vidogo hata bakteria hawapiti. Vichujio vya namna hiyo vilienea katika maabara za dunia. Wale wataalamu wa Kabete waliyapitisha majimaji ya kondoo mgonjwa katika kichujio, kisha wakamdunga kondoo mzima kwa yale yaliyopita. Naye akaugua vilevile. Hivyo walijua kwamba mwenye kuleta ugonjwa si bakteria, bali ni virusi, kitu kidogo kuliko kitundu. Hawakukiona. Walijua kwamba kimepita, basi.

Liangalie jambo hilo vizuri. Katika Kabete ya mwaka 1931 chombo cha kupimia kilikuwa ni mnyama hai. Ukitaka kujua kama majimaji yana sumu ya ugonjwa, ilikubidi umtoe kondoo mzima, umngoje afe au apone. Yalikuwa maarifa ya gharama kubwa, tena hayakuweza kusema seli ipi ya mwili ilifanya nini. Kondoo alijibu kwa mwili wake wote kwa mara moja.

Hatua iliyofuata ilitendeka mbele kidogo ya Kabete, huko Muguga, ukiwa waelekea Limuru. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki kilichokuwa hapo, Walter Plowright na wenzake walizikuza seli za figo la ndama ndani ya chupa, wakazilisha, wakazitunza katika joto la mwili, kisha wakazitia virusi vya sotoka. Wakavihamisha virusi kutoka chupa hadi chupa mara nyingi mno, mpaka vikapoteza ukali wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo ya sotoka ya kukuzwa katika seli ilikuwa imepatikana. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Wengi wanapoitaja Muguga huitaja kwa ajili ya chanjo hiyo, na ni haki. Lakini kwa ajili ya habari yetu, nataka ukumbuke ile chupa. Seli ilikuwa imetolewa katika mnyama, nayo ikaendelea kuishi, na mtu akaweza kuyatazama maji yanayoizunguka.

Mwaka 1970, hapo hapo Muguga, Malmquist, Nyindo na Brown walieleza jinsi walivyozikuza seli za wengu la ng'ombe zilizoingiwa na kimelea cha ndigana kali. Kimelea huyo, Theileria parva, ana tabia ya ajabu. Aletwapo na kupe, huingia ndani ya seli nyeupe ya damu ya ng'ombe wala haiui. Huifanya igawanyike bila kikomo, mfano wa saratani, naye hugawanyika pamoja nayo. Mfugaji aliyepata kuona ndama wake akivimba mitoki na kukata pumzi kwa ndigana ajua matokeo yake. Basi wataalamu walikuwa sasa na seli zenye ugonjwa zilizoishi katika chupa mwezi baada ya mwezi. Walikosa ndoana tu: kitu cha kukamatia protini moja na kuiacha nyingine.

Ndoana ilipatikana Uingereza mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein, katika mji wa Cambridge, waliiunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani. Seli iliyozaliwa ilirithi kwa wazazi wote wawili: kwa mmoja ilirithi ufundi wa kutengeneza kingamwili cha aina moja tu, na kwa mwingine ilirithi kutochoka. Ikawa yamwaga kingamwili hicho katika maji ya chupa, siku zote, bila kukosea. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1973 palikuwa pameanzishwa Nairobi, upande huo huo wa Kabete, maabara ya kimataifa ya kuchunguza magonjwa ya mifugo, iliyojulikana kwa herufi ILRAD; na mwaka 1980 wachunguzi wake walikuwa wamekwisha kutumia kingamwili za namna ile kuonyesha kwamba vimelea vya ndigana si vya namna moja. Mwaka 1994 ILRAD iliunganishwa na ndugu yake wa Addis Ababa, ikawa ILRI, jina ambalo bado utaliona langoni.

Ukifikiri, ni jambo la kupendeza: kingamwili chenyewe ni kitu kilichotolewa na seli hai, nacho ndicho kinachotumiwa kukamata kitu kilichotolewa na seli nyingine.

Na sasa tufike kwenye sahani. Usifikirie sahani ya wali. Ni bamba la plastiki, kubwa kama kiganja kilichonyooshwa, lenye vishimo 96 vilivyopangwa safu kwa safu. Tangu mwaka 1971 wataalamu wa Sweden na wa Uholanzi walikuwa wamegundua namna ya kupima protini kwa kutumia kingamwili na kimeng'enya kinachobadili rangi ya maji. Namna hiyo huitwa elisa. Lakini elisa hupima maji yote ya kishimo pamoja. Kama seli 10 kati ya laki mbili zimetoa protini, hutajua kama ni 10 zilizotoa nyingi au ni elfu zilizotoa haba. Mwaka 1983 Cecil Czerkinsky na wenzake, na katika mwaka huo huo Sedgwick na Holt, walieleza njia ya kuijua seli moja moja. Ikaitwa elispoti, kwa kuwa matokeo yake ni madoa.

Nitakueleza kazi yenyewe taratibu, kwa kuwa ndiyo moyo wa insha hii. Chini ya kila kishimo pawekwe utando wenye vitundu vya chini ya nusu ya elfu moja ya milimita. Ukimwaga maji juu ya sahani ya kauri, hutiririka. Ukiyamwaga juu ya kitambaa kizito, hunywewa, kwa sababu kitambaa kina uso mwingi zaidi kuliko unavyoonekana, uliojikunja ndani ya nyuzi zake. Vivyo hivyo utando huo: kipenyo chake ni milimita chache, lakini kuta za vitundu vyake zina nafasi ya kuchukua kingamwili nyingi kupita kadiri plastiki laini iwezavyo. Basi kwanza wabandika katika kuta hizo kingamwili zinazoshika protini iitwayo intaferoni gama. Seli nyeupe za kinga ziitwazo seli T huitoa protini hiyo zinapomtambua adui zinayemjua.

Kisha wamwaga seli hai, zilizotoka katika damu ya mtu, labda laki mbili kwa kishimo. Katika kishimo kimoja waongeza vipande vya protini ya virusi unavyovichunguza. Katika kingine huongezi kitu, ili ujue seli zafanya nini zikiachwa peke yake. Katika cha tatu watia dawa ya kuziamsha zote, ambayo, utacheka kusikia, hutokana na maharage mekundu kama haya tunayokula na ugali. Ukikuta madoa katika kishimo kisichotiwa kitu, au usipoyakuta katika kishimo cha maharage, basi kazi yote ya siku hiyo haifai, na huna budi kuanza upya.

Sahani hulazwa usiku mzima katika kabati la joto la nyuzi 37. Gizani humo, seli inayomtambua adui huanza kumwaga intaferoni, na intaferoni haifiki mbali. Hunaswa papo hapo na kingamwili zilizo kandokando ya seli. Asubuhi seli zote huoshwa zikatupwa. Huletwa kingamwili cha pili, kisha kimeng'enya, kisha rangi. Na pale ilipokaa seli moja, pakatokea doa moja. Umepata kuona duara la chai lililoachwa mezani na kikombe kilichokwisha kuondolewa? Ni mfano wa hilo. Seli haipo tena, lakini mahali pake pamejulikana, na hesabu ya madoa ni hesabu ya seli. Zamani madoa yalihesabiwa kwa jicho chini ya lenzi, na watu wawili waliweza kubishana juu ya doa lililofifia. Sasa kuna mashine ya kupiga picha na kuhesabu, ijapokuwa ubishi haujaisha kabisa.

Njia hii iliingia Nairobi kwa sababu ya msiba. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, kilikuwa kikiwahudumia na kuwachunguza wanawake wa Majengo, Pumwani, waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Majengo iko mashariki ya katikati ya jiji, hivyo tumegeuza uso kidogo. Lakini bila wanawake hao hakuna habari ya kuendelea nayo. Wengi wao walipata virusi vya UKIMWI, na wengi walikufa. Hata hivyo wachunguzi waliona kwamba wako wachache ambao, mwaka baada ya mwaka, walikutana na virusi wala hawakuambukizwa. Habari hiyo ilitolewa kwa ukamilifu mwaka 1996. Dunia nzima iliuliza: wana nini wanawake hawa?

Jibu lilitafutwa katika seli zao. Mwaka 1998 wachunguzi wa Nairobi, Oxford na Manitoba walionyesha kwamba katika damu ya baadhi yao zilikuwamo seli T zilizovijua virusi hivyo, ingawa virusi vyenyewe havikupatikana. Na mwaka 2000, kwa njia ya elispoti, zilionekana hata katika njia ya uzazi. Madoa yalikuwapo. Pakaingia tumaini kubwa: kama maumbile yaliwafunza wanawake hawa, je, chanjo haiwezi kumfunza mtu yeyote?

Mwaka 1999 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi taasisi ya chanjo ya UKIMWI, KAVI, chini ya Profesa Job Bwayo, ambaye aliuawa na majambazi wa barabarani mwaka 2007 kabla hajaona mwisho wa kazi yake. Makao yake yalikuwa katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, ile iliyoanza mwaka 1901. Na kliniki nyingine ilifunguliwa Kangemi, katika barabara ile ile tuliyopita kwenda Kabete. Wataalamu wa Oxford, Andrew McMichael na Tomáš Hanke, walitunga chanjo kwa kufuata aina A ya virusi, iliyoenea Kenya. Majaribio kwa watu yalianza Oxford mwaka 2000, na Nairobi mapema mwaka 2001. Virusi vizima havikuwamo katika chanjo ile, ila vipande vya maagizo yake tu; kwa hiyo haikuweza kumwambukiza mtu. Lakini fikiri, msomaji, juu ya wale waliojitolea wa kwanza. Hawakuwa wagonjwa. Hawakuahidiwa kinga. Walitoa mkono wao na damu yao ili jambo fulani lijulikane.

Na damu hiyo ilikuwa na haraka. Elispoti haiwezi kufanywa kwa seli iliyokufa. Damu ikikaa mno baada ya kutolewa, seli zake hudhoofika na madoa hupungua, na mtu angeweza kuilaumu chanjo kwa kosa la saa. Huna budi kuzitenga seli nyeupe katika muda wa saa chache, kuzihesabu zilizo hai, na zile zisizopimwa siku hiyo kuzigandisha polepole na kuzihifadhi katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Yeyote aliyewahi kukwama katika foleni ya magari kati ya Kangemi na mjini ataelewa kwamba sayansi hii haikuwa ya mezani tu. Ilihitaji dereva mwenye saa na umeme usiokatika. Mimi naona sifa za watu hao, waliotenga seli jioni na kuosha sahani alfajiri, hazijatajwa vya kutosha katika vitabu.

Madoa yakahesabiwa. Katika majaribio yaliyofuata ya chanjo hiyo, sehemu ndogo tu ya waliochanjwa ndiyo iliyoonyesha madoa ya kutosha, tena yasiyodumu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba chanjo ile haitaendelezwa. Kazi ya miaka mingi, na matumaini ya nchi, viliamuliwa na vitone vya rangi juu ya utando mdogo kuliko ukucha.

Hapa pengine utasema: kumbe kasoro ilikuwa uchache wa madoa, yakipatikana mengi, mambo yatakuwa mema. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 2001, mwaka ule ule wa majaribio ya kwanza, wachunguzi wa Majengo walitoa habari ya huzuni: baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa na kinga walikuwa wameambukizwa, ingawa hapo awali seli zao T zilivitambua virusi. Waliona kwamba jambo hilo liliambatana na kupunguza ile kazi yao katika mwaka uliotangulia. Yawezekana kinga ilihitaji kukumbushwa mara kwa mara. Mwaka 2007 majaribio makubwa ya chanjo nyingine, ya kampuni ya Merck, yaliyofanywa hasa katika nchi za Amerika, yalisimamishwa. Wengi wa waliochanjwa walikuwa na madoa, tena mazuri. Hawakukingwa.

Doa lasema kwamba seli imemtambua adui na imepaza sauti. Halisemi kama sauti hiyo ilitosha kumfukuza. Elispoti haikudanganya hata siku moja. Ilijibu swali iliyoulizwa, na sisi tuliharakisha kulifanya jibu la swali jingine. Tangu hapo wachunguzi hupima vitu vingi kwa pamoja: si intaferoni peke yake, bali na protini nyingine zitolewazo na seli hiyo hiyo, na kama seli yaweza kweli kuiua seli iliyoambukizwa.

Turudi Kabete, maana huko nako madoa yalikuwa yakihesabiwa. Ng'ombe aliyepona ndigana huwa na seli T zinazoziua seli zenye kimelea. Lakini kimelea ana protini kwa maelfu, na haikujulikana seli hizo hutambua ipi. Wachunguzi wa ILRI walichukua vipande vya maagizo ya kimelea, wakavitia katika seli nyingine, kimoja kimoja, wakaziweka mbele ya seli T za ng'ombe wenye kinga, na kuangalia ni wapi doa la intaferoni litatokea. Mwaka 2006 walitangaza protini tano zilizopatikana kwa njia hiyo. Walipowachanja ng'ombe kwa hizo, baadhi walinusurika na wengine hawakunusurika. Mpaka leo mfugaji anayetaka kumkinga ng'ombe wake na ndigana hutegemea njia ya zamani ya Muguga, ya kumdunga vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia. Madoa yameonyesha mlango, ufunguo bado.

Kuna wanaotaka kuisikia seli ikiwa bado inatoa, bila kungoja asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mark Wightman na wenzake huko Marekani waliweka ncha ya uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, kando ya seli moja ya tezi ya ng'ombe, wakaona umeme ukiruka kila seli ilipotema kifuko kimoja cha adrenalini. Leo nyaya za namna hiyo hupakwa chembe za dhahabu za nanomita chache, au mirija ya kaboni, au tabaka za grafini zenye unene wa atomu moja, kwa sababu ile ile ya kitambaa na sahani ya kauri: uso mwingi katika nafasi ndogo. Vyombo hivyo vingi bado ni vya maabara. Protini za seli humnata mpimaji, zikafunika uso wake kama moshi unavyofunika kioo cha taa, na baada ya muda asisikie tena.

Na ule ukanda wako wa malaria? Nao una hila yake. HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mtu aliyekwisha kupona aweza kuonyesha mistari miwili. Kuna na hila iliyo mbaya zaidi. Mwaka 2010 ilielezwa kwamba huko Peru wamo vimelea ambao hawana kabisa maagizo ya kutengeneza HRP2. Wanaishi katika damu, wanaleta homa, wala hawaachi alama ambayo ukanda umefunzwa kuitafuta. Baadaye walionekana kwa wingi Eritrea, na mwaka 2016 nchi hiyo ikabadili vipimo vyake. Eritrea nayo iko upande huu wetu wa Afrika. Kwa hiyo katika maabara za Nairobi, mgonjwa mwenye homa kali na mstari mmoja tu huchukuliwa damu yake mara ya pili, ikapakwa juu ya kioo, ikatiwa rangi, na mtu akainama juu ya hadubini kumtafuta kimelea kwa jicho lake.